Sekunde Kumi na Saba za Sumie

Kila Jumapili baada ya kifungua kinywa, Mzee Kiyoharu Onodera wa mji wa Yokote, Japani, aliikagua diski ya kurekodia vipindi iliyochomekwa kwenye televisheni yake, kama alivyokuwa akikagua mita za maji kabla ya kustaafu: miwani puani, daftari gotini, huruma kando. Tamthilia ambayo haikutazamwa mwezi mzima aliifuta. Mkewe Sumie alikuwa akimfokea, "We mwanamume, sijajua hata nani kamuua tajiri, ushafuta!" Sumie alifariki mwaka jana, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, na tangu hapo mzee hakuwa na wa kugombana naye. Aliendelea kufuta.

Rekodi moja tu hakuigusa. Kipindi cha mchana cha stesheni ya mkoa kiliwahi kupita sokoni, na Sumie akahojiwa kuhusu achari yake ya figili zilizokaushwa kwa moshi. Alionekana sekunde kumi na saba. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Yeye na mumewe walikuwa watu wa picha mnato, wamesimama wima, midomo imefungwa.

Televisheni ilipoanza kupiga mistari, binti yao Chinatsu hakuuliza mtu. Alinunua mpya, na fundi wa duka akaja kuifunga na kuondoka na ile kuukuu, kama ilivyo ada. Fundi huyo, Sakuta, alivua viatu mlangoni, akaitoa kuukuu chumbani hadi ukumbini, akaweka mpya, akachomeka diski. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Mzee, inataka kuisajili diski. Nikubali?"

"Inasemaje, neno kwa neno?"

Sakuta akasoma, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Ikisajiliwa, vyote vilivyomo vitafutika."

"Ondoa kidole."

"Ndivyo zilivyo zote, mzee wangu. Diski inafunguka kwenye televisheni iliyorekodi tu. Nyingine haiitambui."

"Basi ile haiendi popote. Irudishe."

"Baba jamani!" Chinatsu aliona aibu mbele ya mgeni. "Ile imekufa! Utaweka televisheni mbili kwenye chumba kidogo hiki cha mikeka sita, wewe ukae wapi?"

"Nitajibana."

Kuukuu ikarudishwa, ikachomekwa diski, ikawashwa. Kioo kikapepesa mara mbili, kisha kikawa cheusi tii. Sakuta akainama na kuomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake.

Mzee alichukua rimoti. Njia aliijua kwa vidole: chini mara nne, kisha kitufe cha katikati. Zikasikika kelele za soko, halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa:

"Mume wangu? Huyo kila siku analalamika chumvi imezidi. Halafu bakuli analirudisha tupu!"

Chinatsu akaketi palepale, juu ya boksi la televisheni mpya. Hakujua kama rekodi ile ipo. Sakuta akasogea mlangoni taratibu kuvaa viatu vyake.

"Lakini huoni kitu, baba," Chinatsu akasema baadaye, akijifuta pua.

"Sura yake naijua. Sauti ndiyo ilianza kunipotea."

Akairudisha nyuma. Sumie akasema tena kwamba mumewe hulalamika chumvi imezidi.

"Imezidi kweli," mzee akamjibu.