Nani Kaunguza Uso wa Biharusi?

Miaka ishirini na sita mimi ni somo wa mabiharusi hapa mjini, ninawafunda na kuwasugua mwili kwa singo ya maua kabla ya harusi, na singo yangu haijapata kumtoa mtu hata kipele. Asumini, mawaridi, kilua, liwa na karafuu kidogo, vyote natwanga mwenyewe, simwachii mtu mchi wangu. Kwa hiyo siku ya pili ya kumsinga Khawla, mashavu yake yalipowaka mekundu na kuvimba, sikuogopa kwanza. Nilishangaa. Hofu ililetwa na mama yake.

"Bi Mwamvua, mwanangu umemtia nini?" aliniuliza Bi Hamda, huku ameshika kichwa. "Zimebaki siku tisa! Alkhamisi wenzetu wa upande wa mume wanaleta sanduku la biharusi. Nkawambie nini?"

Kufika jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni Darajani. Mama mmoja aliyenipa biharusi wake wa mwezi ujao alinipigia simu kuniambia wameahirisha, na hakuniambia mpaka lini. Kazi hii ni jina. Likiharibika, mchi na kinu nitauza.

Nilijipaka singo ileile shavuni nikalala nayo. Asubuhi ngozi yangu ilikuwa laini kama kawaida, nikazidi kukasirika. Nikarudi kwa Khawla, nikamweka dirishani. Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu. Nilimsinga mwili mzima mpaka nyayo, lakini kilichovimba ni uso tu, na wekundu umekoma chini ya taya, sawa kabisa, kama uliopigiwa mstari.

"Singo gani hii inayochagua?" nilimuuliza.

Alichungulia mlangoni. Kisha akashika mkono wangu. "Somo, nnakwambia wewe tu. Apa kwanza."

Sikuwa na haja ya kuapa. Anachosema biharusi mbele ya somo wake hakitoki chumbani, na yeye anajua. Basi akanieleza. Siku moja kabla sijaanza kumsinga alimwambia mama yake anakwenda Tunguu kuchukua cheti chake chuoni. Kumbe alikwenda kliniki ya ngozi Mazizini, akamenywa uso kwa dawa ili alama za chunusi ziondoke. Laki na themanini! Mimi kwa siku saba, na udi juu yake, nachukua elfu sabini.

"Wakanambia nisisuguliwe wiki mbili," alisema.

"Na ukakaa kimya nikakusugua?"

"Ningesema, ungekataa kunisinga. Mama angeuliza kwa nini."

Nilitaka kumpiga kofi, ila pa kumpiga hapakuwapo.

Nilikwenda Mazizini kugombana, nasema kweli. Lakini njiani nilikuwa nikijiuliza: laki na themanini wanampaka mtu nini? Nilipokelewa na binti aitwaye Sumaiya, akanisalimia "Shikamoo" kwa adabu. Sikumtaja Khawla. Nikasema nina mwari anayetaka kumenywa uso.

Akanionesha kichupa. Ni tindikali laini, akasema, na aina hii asili yake ni miwa.

"Muwa huuhuu tunaotafuna?"

"Huuhuu, bibi." Akacheka. "Inalegeza gamba la juu la ngozi, litoke taratibu. Chini inabaki ngozi changa. Ukiisugua siku zile ni sawa na kusugua kidonda."

Niliuliza kila kitu. Vyombo vinaoshwaje, nani kamfundisha, mtu mweusi hatoki madoa? Akakiri kwamba madoa yanaweza kutoka dawa ikizidi, ndiyo maana huanza na kidogo. Nilitafuta kasoro mle ndani kama anayetafuta chawa, sikuiona, na jambo hilo liliniudhi sana.

"Mnawauliza kama watasingwa?"

"Tunawauliza. Mabiharusi wote husema hapana."

Nikarudi na maelekezo ya mtu aliyesuguliwa mapema, niliyoyauliza kama kwa mfano tu: maji baridi, mafuta mepesi, asiguswe, atapoa. Uso ulikuwa na dawa. Jina langu ndilo halikuwa na dawa, maana nilichokijua sikuweza kukisema.

Alkhamisi ukumbi wa Bi Hamda ulijaa wanawake walioleta sanduku. Khawla alikuwa chumbani nyuma ya pazia, maana biharusi aliyewekwa ndani haonwi na watu wa upande wa mume mpaka siku yake. Bi Asila, shangazi wa bwana harusi, hakumaliza hata kahawa.

"Tumesikia mtoto kaungua," alisema akinitazama. "Kaungua na nini?"

Wote walinigeukia. "Karafuu zilizidi," nikasema. "Kosa langu."

Bi Hamda akaangua kilio. Mimi nilitazama mkeka. Miaka ishirini na sita, nikajisemea, imekwisha kwa sentensi moja.

Pazia likavutwa. Khawla akatoka, bila mtandio, ngozi inambanduka puani, mbele ya wanawake ambao hawakutakiwa kumwona kwa siku tano zaidi.

"Somo anasema uwongo," alisema. "Nilikwenda kliniki, nikamficha yeye na mama. Singo yake haina kosa."

Nikaruka na kanga yangu nimfunike. Nililia, sikuona haya. Kisha Bi Asila akainuka taratibu, akaifunua kanga kwa kidole, akamwinua Khawla kidevu kuelekea mwanga wa dirisha.

"Na alama za chunusi," akauliza kwa sauti ya chini, "zimetoka?"

Wanawake wote walisogea kutazama. Wa kwanza kuinama nilikuwa mimi.