Miadi ya Saa Nne

Wateja wawili walisimama mbele ya kiti kimoja cha saluni, kila mmoja ameinua simu yake. Zote mbili zilisema saa nne kamili. Msusi akamtazama mdogo wangu. Mimi nikatazama dari.

Ilikuwa siku ya kwanza ya tovuti ya mdogo wangu ya kuwekea miadi kwa wasusi. Aliijenga peke yake kwa wiki tatu, kuanzia kurasa anazoziona mteja hadi hifadhidata iliyo nyuma yake. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Tovuti yangu mwenyewe, ya mafundi cherehani, ilikuwa na mwaka wa pili jikoni, haijafunguliwa. Kila wiki nilibadilisha rangi ya kitufe na kujiambia bado kidogo. Hakuna mteja aliyewahi kukibonyeza. Niseme kweli, nilimwonea kijicho.

Jana yake mchana alinisogezea kompyuta. "Hebu ikague, Dada. Wewe kosa halikupiti."

Niliweka miadi ya mwezi ujao, saa nne. Nikaweka nyingine, saa hiyohiyo, kwa msusi yuleyule. Tovuti ikazipokea zote mbili. Kosa hilo lilinitesa miezi mitatu kwenye yangu, na kumwambia kungenichukua sentensi moja.

"Iko sawa," nikasema. "Fungua tu."

Asubuhi nikawahi saluni kabla yake. Nilitaka kumwona akiumbuka, sina haja ya kuipamba.

Hakuumbuka. Aliomba radhi, msusi akaanza na mmoja, na yule mwingine akajiketisha dirishani. "Nasubiri," alisema. "Nyumbani kuna watoto wanne, hapa angalau nakaa." Wakacheka wote. Mdogo wangu akafungua kompyuta mapajani, na mimi, kwa kuwa sasa watu wanaona, nikasogea kumsaidia.

Akaita orodha ya miadi yote iliyogongana. Zilikuwa jozi mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya hao wateja wetu. Ya pili ilikuwa ya mwezi ujao: Mgeni wa Kwanza, saa nne, Mgeni wa Pili, saa nne. Zimeingia jana mchana.

Ndivyo ninavyojaza majina kila ninapojaribu kazi. Yeye pia nilimfundisha hivyo, na kwamba ukimaliza unafuta. Mimi nilikuwa na haraka ya kunyamaza, nikasahau kufuta.

Alizisoma polepole. Kikaushio cha nywele kilinguruma nyuma yetu, na nilitamani kisizimwe.

"Hizi nizifute, Dada?"

"Zifute."

Akazifuta moja moja, akalirekebisha kosa, kisha akamletea yule mteja wa dirishani maji ya kunywa. Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye.

Tangu hapo ametoa kazi tano. Kila moja nimeiona siku ileile walipoiona wateja.