Sketi ya Wacera

Masika ya mwaka 1955 yalikuwa yameisha, na kiwanja cha gofu pale Nyeri kingefunguliwa asubuhi hiyo. Hezekiah, mkata nyasi, alikuwa hashikiki kwa furaha. Nyasi zilikuwa kama zulia, na katika mashimo yote tisa alikuwa amesimika bendera nyekundu, ambazo mkewe Wacera alizishona kwa sketi yake kuukuu.

Gari la kwanza la Wazungu likafika langoni, likasimama, likageuza mbio. La pili nalo vivyo hivyo.

"Mzee, umefanya nini?" askari Munyao alifoka. "Bendera nyekundu ni ya pale jeshi inapiga risasi!"

Hezekiah akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu Hali ya Hatari ianze, Wazungu walimtimua shambani mwake mara mbili. Leo sketi ya Wacera imewatimua wao.