Mlango wa Chumba cha Mzazi

Waziri wa Chome hakuwa na mengi. Hakuwa na mke. Esha wake alikuwa mchangani mwaka wa sita huu. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumpokea jembe. Hakuwa na hati ya shamba, ingawa minazi iliyosimama humo ilipandwa na babu yake. Hakuwa na jamaa katika ofisi yoyote, kuanzia Lunga Lunga hadi Kwale. Hakuwa na magego ya upande wa kushoto, na kwa hivyo hakuwa na haja kubwa ya nyama. Jina lake lilikuwa Waziri lakini hakuwa na wizara, na watani wake wa Msambweni hawakuchoka kumkumbusha. Juu ya hayo yote alipungukiwa na jambo moja asilolijua mwenyewe: ulimi wa kumwambia mtu wa nje kwamba ndani ya nyumba yake mna ugonjwa.

Alichokuwa nacho ni kazi na jina jema. Aliezeka kwa makuti. Mahoteli ya Diani yalimjua, na hata kisiwani Chale kulikuwa na mabanda aliyoyafunika kwa mkono wake. Vijana aliowafundisha aliwapa kanuni moja: "Paa halikaguliwi ukiwa nje. Kwa nje kila paa ni zuri. Ingia ndani mchana, tazama juu. Utakapoona nuru, hapo ndipo patakapovuja."

Na alikuwa na binti mmoja, Twaiba. Msichana huyo alipewa jina la mama yake Waziri, ndiyo maana babake alimwita "mama" tangu yuko mgongoni. Twaiba aliolewa Ukunda na kijana aitwaye Swabir, na huko ndiko wote wawili walikozama katika unga, ule wa kulevya, mume kwanza, mke baadaye. Swabir akaenda Lunga Lunga kutafuta kazi ya kupakua malori, akapotelea huko. Twaiba akarudi kwa babake na mimba yake, macho yamezama, ngozi imeparara kama ganda la muhogo. Waziri hakumwuliza neno. Alimtandikia kitanda cha marehemu mamake. Aibu ya mtoto mzazi huifunika. Hiyo ndiyo sitara, na sitara kwake ilikuwa ibada.

Mtoto alizaliwa hospitalini, msichana, akaitwa Esha kama nyanyake. Muuguzi aitwaye Beryl aliona jinsi kitoto kile kilivyotetemeka na kulia kilio chembamba kisichokoma. Akamwita Waziri pembeni.

"Mzee, huyu mtoto amezoea unga tangu tumboni. Ningependa abaki, lakini mama anataka kuondoka, na vitanda unaviona mwenyewe. Nimewaarifu watu wa ofisi ya watoto. Watakuja kwako. Wakija, waonyeshe mtoto, sawa?"

"Waje," alisema Waziri. "Nyumba yangu haijapata kumfungia mgeni."

Aliyekuja ni Samuel Nzioka, Mkamba mpole aliyekaa pwani muda wa kutosha kujua kwamba viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu kibarazani, bwana. Jua limekuchoma mpaka umekuwa Mdigo."

Nzioka akacheka. "Bado mtihani tu, mzee. Nimekuja kumwangalia mtoto, na mama yake."

Waziri akammiminia kahawa, akamsogezea sahani ya mahamri. Kutoka ndani kilio cha Esha kilisikika, chembamba kama uzi.

"Mzazi yumo ndani," alisema Waziri, "na arobaini haijatoka. Chumba cha mzazi, mwanamume wa nje haingii. Hata mimi babake hupiga hodi nikaishia kizingitini. Wewe si mgeni wa mila zetu."

Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mila ile ile ilikuwa na mlango wake. Mtoto angeweza kuletwa ukumbini na mwanamke, na mwanamke alikuwamo: Bi Fauzia, jirani yao, aliyekuja kila siku kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Waziri alilijua hilo, akanyamaza. Nzioka naye angeweza kuuliza, au kurudi ofisini akamtuma mwenzake wa kike. Hakuuliza. Alikuwa na vijiji vingi na pikipiki moja.

"Analia sana," alisema Nzioka.

"Mtoto asiyelia ni wa mti."

"Kweli kabisa. Na mama, hajambo? Ameacha yale mambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

Nzioka akatafuna hamri polepole, akitazama pazia la mlangoni. Kisha akapangusa vidole. "Basi nisivunje mila za watu. Nitarudi arobaini ikitoka."

"Utakuta ubwabwa."

Mlio wa pikipiki ulipopotea, Bi Fauzia alitoka ndani, mikono ikimchuruzika maji.

"Bwana Waziri asiye na wizara! Leo umekata kesi kubwa."

"Una maana gani?"

"Mtoto nilikuwa naye mapajani, kaogeshwa, kavishwa. Ungeniita ningemleta hapa ukumbini, yule bwana akamwona. Kwa nini hukuniita?"

"Fauzia, mambo ya nyumba hubaki nyumbani."

"Haya, kaka. Lakini sitara ni kumvika aliye uchi. Si kukifunika chungu kinachoungua."

Waziri alimwona mwanamke mwenye maneno mengi. Akarudi kwenye makuti yake.

Arobaini haikutoka. Siku moja, jua likiwa utosini, Waziri alikuwa uani akisuka. Esha alikuwa amelia tangu asubuhi, kilio cha kukata maini, na Bi Fauzia alikuwa amekwenda msibani kwa jamaa yake. Ghafla kilio kikakatika. Waziri akainua uso. Uwanja mzima ukawa kimya, akasikia mpaka kuku wakiparura chini ya mpapai. Akasema, "Alhamdulillahi, amelala," kisha akainama, akaendelea kusuka.

Alasiri Bi Fauzia aliporudi, aliingia chumbani, na ukelele wake ukafika barabarani. Twaiba alikuwa amelala fofofo. Mtoto alikuwa kifuani pake, amekuwa baridi. Alipoamshwa na akili zikamrudia, Twaiba alisema jambo moja tu: alimlambisha kidogo, kidogo mno, ili apumzike. Daktari aliyempokea hospitalini naye alimwambia Waziri hivyo hivyo kwa maneno yake: unga ndio uliomkata pumzi.

Waziri aliwaambia watu ni degedege. Wakasema inna lillahi, wakaamini, au wakajitia kuamini. Esha mdogo akazikwa ubavuni pa Esha mkubwa, na kaburi lake halikuzidi urefu wa kuti moja.

Nzioka alikuja matangani. Akavua viatu, akakaa karibu na Waziri, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Pole sana, mzee. Sijui niseme nini. Kule ofisini nilisema nimemwona mtoto, yu salama. Nilidhani nitarudi."

"Nami nimesema degedege."

Wakatazamana kama watu wawili waliokutana usiku katika shamba la mtu wa tatu.

"Basi tumwachie Mungu," alisema Nzioka.

"Tumwachie."

Wakamwachia. Hakuna aliyekuja kuuliza ilikuwaje mtoto aliyeonekana mzima akafa kabla ya kutolewa nje. Ofisi haikuuliza, kijiji hakikuuliza. Aliyeuliza ni Bi Fauzia peke yake, na yeye hakuuliza kwa maneno. Aliacha tu kumwita Waziri "kaka".

Baada ya msiba Twaiba alianza kwenda Kombani kila asubuhi kunywa dawa ya kumtoa katika unga. Alikwenda kwa mvua na kwa jua. Akaanza kunenepa mashavu, akaanza kuimba jikoni, kisha hukatiza wimbo katikati. Mwaka ukapita. Swabir akatokea, akatubu kwa machozi, akakaa muda mfupi, akaondoka tena. Aliacha kandambili mlangoni na mimba tumboni mwa mkewe.

Waziri akamkuta Nzioka sokoni Kombani, mfuko wa maembe mkononi.

"Mzee wangu! Nasikia tunapata mjukuu. Beryl ameshaniarifu. Usiwe na wasiwasi hata kidogo, nitakuja kama siku ile, tunywe kahawa yetu."

Alisema kwa mapenzi. Waziri akaitikia, akashukuru, akaenda zake. Lakini maneno yale yalimfuata njia nzima. Kama siku ile.

Kesho yake aliitwa Diani kukagua paa la banda lililoezekwa na mwanafunzi wake. Kwa nje lilikuwa zuri, limechanwa kama nywele za bibi harusi. Akaingia ndani, akatazama juu kama alivyofanya miaka yote. Juu ya boriti palikuwa na kitundu, na nuru ilipita hapo ikamwangukia kifuani. Mwanafunzi akangoja kukemewa. Waziri hakumkemea. Alisimama pale, kichwa juu, mpaka shingo ikamuuma, kisha akaomba ruhusa arudi nyumbani.

Alimkuta Twaiba akichambua mchicha.

"Mama."

"Labeka, baba."

"Nataka kumwandikia mkuu wa ofisi ya watoto. Nataka safari hii waingie ndani."

Mkono wa Twaiba ukasimama. "Utasema nilimlambisha?"

"Nitasema."

"Watanifunga."

"Huenda."

"Na huyu? Watamchukua?"

"Sijui, mama. Huenda nalo hilo."

Twaiba akachuma jani moja, akalikunja, akalikunja tena. "Siku ile yule bwana alipokuja nilikuwa macho, baba. Nilisikia kila neno. Nilikuwa naomba aingie."

Waziri akatafuta pa kuketi, akaketi juu ya kinu. "Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umeshasema mila."

Chungu cha jikoni kikachemka, kikafurika, kikazima kuni upande mmoja. Ndipo Twaiba akasema, "Andika. Ila usiandike kwamba sikumpenda."

Waziri alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na herufi zake zilikuwa kubwa zilizosimama wima. Aliandika mchana, mlango ukiwa wazi.

"Kwa Mkuu wa Ofisi ya Watoto. Baada ya salamu. Mjukuu wangu Esha hakufa kwa degedege. Alikufa kwa unga aliolambishwa na mamake, naye mamake alimpenda. Afisa wenu alikuja akaishia kibarazani. Mimi nilimzuia kwa maneno ya mila, naye alikubali upesi. Mila haimkatazi mwanamke kuingia, wala haikatazi mtoto kuletwa ukumbini. Nyumba yangu mliikagua kwa nje. Binti yangu atajifungua tena baada ya Idi. Tumeni mwanamke. Aingie chumbani, amfunue mtoto, amtazame mchana kweupe, na arudi tena bila kuitwa. Mkiona hapana budi kumchukua, mchukueni akiwa hai, na mtuonyeshe njia ya kumfikia. Mimi Waziri wa Chome, fundi wa makuti."

Akamsomea Twaiba. Twaiba akaomba kalamu, akaandika jina lake chini ya la babake.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa bahari. Twaiba akaleta punje za wali wa jana, akazisaga kwa kidole, akapaka ukingo mwenyewe. Waziri akakunja na kukandamiza kwa kiganja, akangoja ikauke.

Alipotoka nayo, Bi Fauzia alikuwa akifagia uwanja wake. Akaiona bahasha, akaisoma anwani kwa mbali, akaegemea ufagio.

"Nenda salama, kaka," alisema.

Katika posta ya Ukunda, kijana wa dirishani akaigeuza bahasha huku na huku. "Ya Kwale tu hapa, mzee? Si ungepiga simu?"

"Kwa mdomo nimeshasema mengi," alisema Waziri. "Gonga muhuri, mwanangu."

Kijana akagonga muhuri, akaitupa bahasha katika gunia nyuma yake. Waziri alisimama dirishani mpaka gunia lilipofungwa kamba.