Shahidi Aliyesimama Nyuma ya Goli

Watiri hakuwa mtu wa mpira. Ukimuuliza, angekwambia mpira ni watu wazima kufukuzana juani huku mashamba yao yakiota magugu. Lakini Jumamosi ile ya mwaka wa sabini na moja aliwaachia wenzake nyanya zake sokoni Kutus saa sita kamili, akajifunga leso vizuri, akaenda uwanjani. Huko, kwa viwiko vya mama aliyezoea kusukumana sokoni, akajitafutia nafasi nyuma kabisa ya goli, hatua mbili tu kutoka kwenye mlingoti. Waliomnung'unikia aliwatazama mara moja tu, wakanyamaza. Mwanawe, Kingori, ndiye aliyekuwa kipa wa Kutus, na siku hiyo ilikuwa fainali dhidi ya Kerugoya.

Kombe lenyewe hakulijali, hata wangepewa sufuria. Alichokitaka ni kazi. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Naro Moru aliyeitwa Wamae, mwenye kiwanda cha kupasua mbao na timu yake ya wafanyakazi. Kipa wake alikuwa amevunjika mkono, na Wamae alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba kipa wa timu itakayobeba kombe ataondoka naye Jumatatu. Kazi ya kudumu, mshahara wa kila mwezi, na chumba cha kulala. Kingori alikuwa na miaka ishirini na mitatu na hajawahi kupata kazi inayopita wiki mbili. Leo anazibua mifereji ya mpunga ya wenyewe, kesho anapakia magunia ya wenyewe, keshokutwa amekaa. Kwa miezi miwili Watiri alikuwa amemsumbua Mungu kwa jambo hilo moja, mpaka akaona haya kulirudia.

Sasa, goli za siku zile hazikuwa na nyavu. Milingoti miwili ya mkaratusi, mwamba juu yake, basi. Mpira ukipita umepita, na kama umepita ndani au nje, hilo lilikuwa jambo la macho na, tuseme ukweli, la midomo. Mechi ngapi ziliamuliwa na upande wenye makoo makubwa!

Zilikuwa zimebaki dakika chache, Kutus moja, Kerugoya moja. Watu walikuwa wamesogea mpaka wakaumeza mstari, na mshika kibendera alikuwa amepotelea humo ndani yao. Kijana mmoja wa Kerugoya akapiga shuti la chini, kali. Kingori akajirusha, mzima mzima, akanyoosha vidole, asiufikie. Mpira ukapita.

Ulipita ndani. Watiri aliuona. Aliuona kama unavyoona nyanya mkononi mwako, ukipita upande wa ndani wa mlingoti kwa upana wa kiganja, ukaingia kwenye majani karibu na miguu yake. Na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, yeye ndiye aliyepiga kelele.

"Nje! Umetoka nje!"

"Nje!" Kutus nzima ikamfuata. "Nje, nje!"

Kerugoya nao wakalipuka, "Goli! Goli!", na hapo ngumi zikaanza kutafuta pa kutua. Refa alikuwa Mwalimu Moffat, mtu mwembamba aliyewafundisha kusoma nusu ya wachezaji wale. Alikuwa mbali mpira ulipopita, naye hakuona haya kukubali hivyo. Alikuja akitembea, hakukimbia, akasimama mbele ya Kingori aliyekuwa bado amepiga magoti kwenye vumbi. Watu wakatulia kidogo wasikie.

"Kingori, mimi sikuona vizuri," akasema Mwalimu. "Wewe ulikuwa hapa. Umepita wapi?"

 Kingori aligeuza uso, akamtazama mama yake. Watiri akamkazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana, mtikiso ambao mtu mwingine hangeuona lakini mtoto aliyelelewa na macho hayo anausoma kama barua. *Kazi, mwanangu. Kumbuka kazi.*

"Umeingia, Mwalimu," akasema Kingori.

Mwalimu Moffat akapuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja. Lo! Mnajua jinsi watu wanavyoweza kumgeuka mtu wao? Makopo, maganda ya miwa, matusi ya mama na ya bibi, vyote vilimwangukia Kingori pale pale. Naye akasimama golini mpaka filimbi ya mwisho, Kerugoya wakabeba kombe, na Wamae akaenda kuongea na kipa wao, kijana mrefu aliyeitwa Theuri.

Jioni Watiri alipakua githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku, kwa hasira, mwiko ukigonga sahani.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Mimi nasema nje, wewe unasema ndani. Sasa mimi ni nani? Na kazi je? Utakula ukweli?"

"Pole, Mama."

"Pole ndiyo itakupeleka Naro Moru?"

Kingori akala, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Hakumwambia mama yake kwamba alijua hata yeye aliuona mpira ukiingia. Hata kwa fumbo hakusema. Watiri alikaa jikoni akiwa na maneno mengi ambayo hakuna mtu wa kuyajibu, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Jumapili baada ya kanisa, Theuri alikuja. Alitembea kutoka Kerugoya, kavaa suruali nzuri, na mkononi alikuwa na mfuko wenye sukari na majani ya chai. Mnajua watu wa huku. Hakuna anayeingia kwa mtu mikono mitupu, hata akija kuomba moto. Alimsalimia Watiri kwa mikono miwili, akamgeukia Kingori.

"Kesho naenda Naro Moru," akasema, akitazama chini. "Nimeona siwezi kwenda bila kukuona. Ile kazi ni yako, mimi najua. Ningekuwa wewe, sijui kama ningesema vile. Nimefikiria usiku mzima na bado sijui."

"Enda ufanye kazi," akasema Kingori, akampa mkono. "Na shuti za chini ujirushe mapema. Mimi nilichelewa."

Wakacheka wote wawili. Watiri alipika chai kwa sukari ile ile na hakucheka. Lakini alimtazama mwanawe akimsindikiza yule kijana mpaka barabarani, wanaongea kama ndugu, na kitu fulani kikamchoma ndani ambacho hakukitaka.

Ambaye pia aliwatazama ni Murugi. Murugi alikuwa jirani yake Watiri nyumbani na sokoni pia, muuza viazi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Yeye aliona kipa wa Kerugoya akiingia na mfuko na kutoka bila mfuko. Kufika Jumatatu saa nne, soko lote lilijua kwamba Kingori ameuza mechi. Kufika saa sita, mfuko ulikuwa umeshajaa noti.

"Wewe hakuna anayekulaumu," Murugi akamwambia Watiri, akimshika bega kwa huruma ya kweli. "Wewe ulikuwa hapo hapo na ulisema ukweli, ati umetoka nje. Tulikusikia wote. Ni mtoto amekuuza, dada yangu. Pole sana."

Hapo ndipo Watiri alipaswa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, yeye ndiye aliyewakemea wenzake kwa uongo wa mizani na uongo wa waume. Wanawake watano walikuwa wamesimama pale wakimwonea huruma. Akainama, akapanga nyanya zilizokuwa zimeshapangwa.

"Asante, Murugi," akasema.

Usiniulize jinsi alivyolala.

Jumatano alasiri kamati ya timu ilikutana kwenye stoo ya chama cha kahawa. Mwenyekiti alikuwa Ndungu, mwenye bucha, mtu mzito wa sauti na wa mwili. Hoja ilikuwa moja: Kingori afungiwe asicheze tena, na jina lake libandikwe kwenye ubao wa soko kama mtu aliyepokea hongo, ili kila anayetaka kumwandika kazi ajue. Watu walijaa mpaka mlangoni. Watiri aliitwa kama shahidi. Akapewa kiti mbele, kwa heshima, na kiti kile kilimchoma kuliko jiko.

Kingori alisimama katikati, mikono nyuma.

"Ulipewa nini na watu wa Kerugoya?" Ndungu akauliza.

"Sukari na majani ya chai, Mzee. Alileta kusalimia. Chai tumekunywa."

Watu wakacheka vibaya.

"Na mpira?"

"Uliingia."

"Sikiza, kijana." Ndungu akaegemea mbele. "Ulisema wewe peke yako. Lakini huyu mama yako alikuwa amesimama nyuma ya mlingoti, karibu kuliko refa, karibu kuliko mtu yeyote. Yeye mwenyewe alisema umetoka nje, wa kwanza, kabla ya sisi. Mama aliyekuzaa! Mama wa kanisa! Kwa hivyo mmoja wenu anadanganya. Ni wewe ama ni yeye?"

Watiri akashika kingo za kiti. Sasa atasema, akawaza. Sasa atanitazama, na atasema, na atakuwa na haki yote.

Kingori hakumtazama. Alitazama sakafu, halafu ukuta, kila mahali isipokuwa kiti kile.

"Mimi nimesema nilichoona mimi," akasema. "Ya Mama muachieni Mama."

"Hapana, hapana. Jibu. Kama wewe husemi uongo, basi mama yako ni mwongo. Sema hivyo tusikie."

"Mzee Ndungu," akasema Kingori, "nifungieni. Andikeni jina langu kwenye ubao, sitabisha. Lakini hilo neno ulilosema juu ya Mama, nakuomba ulirudishe."

 Hata Ndungu aliguswa. Akajikuna shingo na kusema haya, haya, amelirudisha, hakuna mtu aliyetaka kumvunjia mama heshima, kisha akamwambia karani aandike kwamba mchezaji amekubali kufungiwa. Karani akashika kalamu.

Watiri akasimama. Hakukumbuka kuamua kusimama. Leso ilimwanguka, hakuiokota.

"Usirudishe," akasema. "Ndungu, neno lako usilirudishe. Liko mahali pake."

"Mama, keti tu—"

"Sikai! Nimekaa tangu Jumamosi." Machozi yalikuwa yameshaanza, naye akayaacha yatiririke. "Mpira uliingia. Uliingia kwa upana huu hapa, wa kiganja, ukaja ukasimama karibu na mguu wangu. Niliuona nikiwa na akili zangu zote. Nikapiga kelele nje kwa sababu nilitaka ile kazi. Yeye alinitazama kabla ya kujibu, na mimi nikamfanyia kichwa hivi, kwamba adanganye. Mnasikia? Mama wa kanisa. Na tangu siku hiyo mmemwita mwizi kwa ushahidi wangu, na yeye anajua, na hajafungua mdomo. Hata kwangu mimi nyumbani, hajafungua mdomo."

"Sasa kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?" Ndungu akauliza, polepole.

"Niliogopa aibu yangu kuliko nilivyoogopa yake," akasema Watiri. "Andika hivyo. Andika kwa jina langu, Watiri, uweke kwenye ubao huo huo."

Karani hakuandika kitu. Kalamu ilibaki hewani, naye akamtazama Ndungu, na Ndungu akatazama mikono yake. Murugi, huko mlangoni, alianza kulia kwa sauti, akisema ni yeye, ni mdomo wake, Ngai, Mungu wangu, mdomo huu. Mwalimu Moffat, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa muda wote huo, akainuka na kuokota ile leso. Akaipangusa vumbi, akampa Watiri kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Kisha Ndungu akasema kwa sauti ya chini sana, ambayo bucha yake haijawahi kuisikia, kwamba kikao kimekwisha na hakuna jina litakalobandikwa popote.

Watu wakawapisha. Mama na mwana wakatoka mpaka kwenye ngazi ya stoo, na hapo Watiri akashindwa kuendelea. Akamshika Kingori mkono.

"Kwa nini hukusema?" akauliza. "Neno moja tu ungesema, 'Mama anajua uliingia', wangekuacha."

"Ningesemaje hivyo? Wewe ni mama yangu."

"Na Jumamosi je?" Hasira kidogo ikamrudia, ile hasira yake ya kawaida, na ilimfaa kuliko machozi. "Jumamosi pale uwanjani sikuwa mama yako? Mbona ulinikana mbele ya Kutus nzima?"

Kingori akafikiri. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyachagua haya kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Pale uwanjani Mwalimu aliuliza kipa, Mama," akasema. "Leo wameuliza mtoto wako."

Watiri akaketi kwenye ngazi ile, mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka, akafunika uso kwa leso na kulia kama mtoto. Kingori akakaa kando yake na kumngoja amalize.