Nani Anampa Maringo Karoti

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama yangu mzazi alikuwa akisema hata nikipewa zawadi naigeuza chini kuangalia kama ina ufa. Basi siku daktari wa mifugo alipochokoa mavi ya farasi kwa kijiti, akatuonyesha nyuzi za karoti, wenzangu walishika midomo. Mimi niliwatazama nyuso, mmoja mmoja.

Farasi mwenyewe anaitwa Maringo, jike la rangi ya kahawia, wa shule yetu ya kufundisha watu kupanda farasi. Mimi ndiye mpishi wa chakula cha mchana, cha wanafunzi na wafanyakazi. Mume wangu, Baba Pacha, ni saisi: analisha farasi, anawasugua, anawasafisha kwato, anafagia mazizi. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya ghala la nyasi, na vyumba hivyo vimekuja na kazi yake. Kazi ikiondoka, vyumba vinaondoka, na pacha wetu wakirudi likizo kutoka bweni watakuta hatuna pa kuwalaza.

Maringo alikuwa anaumwa kwato. Miguu ya mbele ilishika moto, akawa anasimama ameegemea nyuma kama mtu aliyekanyaga chai iliyomwagika. Daktari alisema ugonjwa ule unachochewa na sukari, akapiga marufuku kila kitu kitamu. Karoti, tufaha, ndizi, hata maganda ya tikiti tuliyozoea kumrushia, basi. Nyasi kavu peke yake, tena zilowekwe kwanza utamu utoke. Tukifuata hivyo atapona. Tusipofuata, alisema, mfupa utazama ndani ya ukwato, na hapo hakuna dawa ila sindano ya kumlaza asiamke.

Tena alikuwa ameshapata mnunuzi. Familia moja yenye shamba kubwa, mbali na hapa, ilimpenda, na Bi Mkubwa mwenye shule akakubali kuwauzia. Walikuwa wanasubiri apone tu waje kumchukua. Mume wangu alipoambiwa alisema "sawa", akaendelea kufagia. Yeye ndiye aliyemlea Maringo kwa chupa ya maziwa baada ya mama yake kufa, lakini Baba Pacha si mtu wa maneno mengi. Mimi nami, pamoja na ushushushu wangu wote, sikumwuliza zaidi.

Wiki zilipita na kwato hazikupoa. Ndipo daktari akachukua kile kijiti.

Bi Mkubwa alituita uani, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake mbaya, kwamba kuna mtu anampa Maringo vitu kwa siri, na atakayebainika ataondoka siku hiyohiyo na mizigo yake, hata awe nani. Halafu akatukumbusha kwamba ufunguo wa banda la Maringo wanao yeye na saisi tu. Watu wote wakamgeukia mume wangu. Yeye akaangalia viatu vyake.

Damu ilinichemka. Baba Pacha ananuna, anakoroma, nikimtuma chumvi analeta sabuni, hayo yote nakubali. Lakini amdhuru Maringo? Nilimwona akilala kwenye majani makavu pembeni ya yule farasi alipokuwa mdogo, kifua kikimbana kwa vumbi, akikataa kuja kitandani. Mtu huyo ndiye wa kunyooshewa kidole?

Kulikuwa na jambo nililolificha, na nalisema sasa hivi ili nisije nikaonekana malaika. Gunia la karoti jikoni kwangu lilikuwa linasinyaa haraka kuliko nilivyokuwa napika. Sikumwambia mtu. Ufunguo kwa mume, karoti kwa mke: nani angetafuta zaidi? Nikaamua kumkamata mwizi mimi mwenyewe.

Wa kwanza kumshuku alikuwa mwalimu wa wapanda farasi, ambaye sisi wa jikoni tulimwita Manukato kwa sababu harufu yake inafika kabla yake. Huyu alikuwa hapiti dirishani kwangu bila kusifia chakula. Mwanamume anayesifia maharage ya kuchemsha ana lake jambo. Nikamwekea sahani ya karoti dirishani, nikajificha nyuma ya mlango. Akaja, akatazama huku na huku, akachukua moja, akaitafuna mwenyewe hapohapo mpaka kwenye majani. Nikabaki na hasira zangu na sahani yangu.

Nikahamia kwa mlinzi. Mfuko wake wa suruali ulikuwa umevimba kila asubuhi, nikamwuliza ana nini. Akatoa redio ndogo. "Za mwizi ni arobaini, shemeji," alinitania, "ila mimi bado sijaanza hata siku ya kwanza." Nikacheka naye, lakini nilipoondoka nilijiuliza kwa nini amenijibu haraka vile. Hata fundi wa kwato nilimtia kwenye hesabu. Yeye si analipwa kwato zikiwa mbaya? Nikafika mahali ambapo kila aliyenisalimia nilimtazama mikono.

Siku moja nikiosha sufuria ndipo nikapata akili. Maringo ana tabia moja: sura yako anaweza kuisahau, mfuko wako hausahau. Ukimpa kitu mara kadhaa kutoka mfuko wa kulia, basi kila akikuona ataingiza pua mfuko wa kulia, hata uwe umejaa misumari. Wanafunzi wamechaniwa nguo kwa ajili hiyo. Kwa hiyo tulikuwa na shahidi, na sisi tulikuwa tunahangaika na binadamu.

Nikaenda kwa Bi Mkubwa. Nikamwambia tusimame wote mstari, yeye mwenyewe amshike Maringo hatamu, amtembeze mbele yetu, tuone pua itaingia kwa nani. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaona aibu bila kosa.

"Una uhakika unataka hivyo, Mama Pacha?"

"Nina uhakika."

Usiku wakati wa kula nikamweleza mume wangu, nikitegemea atafurahi. Aliacha kutafuna. Akasema farasi si hakimu, anaweza kumwendea yeyote. Nikamwambia mwenye haki haogopi. Akasukuma sahani, akasema ameshiba, na mimi nikajua kwamba kule kushukiwa kumemvunja moyo. Nilimhurumia sana.

Kulipokucha kulikuwa na manyunyu na baridi. Baba Pacha alikuwa ameshatoka, na koti lake la kazi, lile la kaki asilolivua hata kwenye jua, alikuwa ameliacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, masikini, mawazo yamemzidi mpaka amesahau koti. Nikalichukua nimpelekee. Na kwa kuwa mvua ilikuwa inanipiga mimi pia, nikalivaa.

Nilipofika uani mstari ulikuwa umeshapangwa. Manukato, mlinzi, fundi wa kwato, na mume wangu mwishoni na shati lake jepesi lililoloa. Aliponiona rangi ilimtoka. "Livue hilo koti," aliniambia. Nikasimama kati yake na fundi, nikadhani anaona baridi, nikaanza kufungua vifungo, lakini Bi Mkubwa alikuwa tayari anakuja na farasi, akasema kila mtu abaki alivyo na mikono mgongoni.

Maringo alitembea kwa uchungu, akiweka mguu chini kama anayeomba ruhusa. Alipita kwa Manukato, akapiga chafya. Akapita kwa mlinzi na kwa fundi asiwatazame. Mimi nilikuwa nimemkazia macho Manukato, maana bado nilikuwa na kinyongo naye, na ndiyo maana sikuona farasi alivyoinua masikio. Nilichosikia ni pumzi ya moto nyongani. Maringo alikuwa ametumbukiza pua kwenye mfuko wa kulia wa lile koti. Akauvuta kwa midomo, akaugeuza nje, na vikaanguka chini kipande cha karoti kilichokatwa kwa urefu, vizuri, asije akakabwa, na ganda la tufaha lililokauka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekivaa kabisa.

Maringo ndiye aliyekuwa na shughuli, akikiokota kile kipande. Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa na maneno machache tu ya kusema, kwamba koti ni lake, na kila mtu pale alikuwa amemwona nalo maisha yake yote. Nilingoja ayaseme yeye. Alikuwa anamtazama farasi. Nikawaona akilini pacha wangu wamesimama getini na masanduku yao, hawana pa kuingia.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimwonea huruma."

"Wewe, Mama Pacha?" Manukato aliuliza, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko tusi. Mtu niliyemtegea sahani dirishani alikuwa ananisikitikia.

Bi Mkubwa aliliangalia koti kuanzia kola hadi pindo. Akasema nimalize kupika siku hiyo, nimrudishie ufunguo wa jiko, na nisikanyage tena mazizini. Baba Pacha angebaki, kwa sababu Maringo anamhitaji. Vyumba navyo vingebaki. Nilirudi jikoni nikamenya viazi huku machozi yakinidondoka, na nilikuwa na hasira mpaka kisu kikanikata.

Jioni mume wangu aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alinishukuru. Tangu anioe hakuwahi kunishukuru kwa sauti vile. Nikamwuliza kwa nini alimpa zile karoti.

"Akipona wanamchukua," alisema.

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. Kwamba hakutaka afe, alitaka asipone tu. Kwamba anampa kidogo, anapima kwa mkono joto la kwato, likizidi anaacha, likipungua anaongeza. Kwamba wale watu watachoka kungoja, watanunua farasi mwingine, na Maringo atabaki kwao alikozaliwa. Nilimwuliza kama hayaoni maumivu anayotembea nayo Maringo. Akasema anayaona, na kwamba yeye ndiye anayelala naye macho kila anapozidiwa, si daktari, wala si Bi Mkubwa. Alisema hayo kwa fahari.

Hata hivyo nilikuwa tayari kumsamehe, Mungu ananiona. Nilijua alivyompenda. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba yameisha, aache, tutalia pamoja siku watakapomchukua. Lakini yeye alinyoosha miguu, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali sasa," alisema. "Macho yote yatakuwa kwako."

Nilimwuliza ana maana gani. Akacheka kidogo, akauliza kama jikoni tufaha zimebaki.

Miaka yote hii nimeshuku wapita njia, wauza maziwa, majirani, shemeji zangu, mpaka na kivuli changu. Mtu niliyelala naye sikumshuku hata dakika moja. Nilimtazama pale kitandani, nikaona si mgeni. Ni yuleyule, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamwambia Maringo atakufa. Akasema hatakufa, anamjua. Nikamwambia twende wote kwa Bi Mkubwa sasa hivi, aseme mwenyewe, mimi nitasimama pembeni yake na kama ni kufukuzwa tufukuzwe. Akanigeuzia mgongo.

Nililichukua koti, nikavuka ua. Nilikuwa najua ninachokibeba. Nilikuwa nabeba kazi yake na vyumba vyetu na vitanda vya wanangu, na huenda na ndoa yangu. Lakini nilipita karibu na banda la Maringo, nikamsikia akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, tena na tena, asipate mguu wa kupumzikia. Sikusimama.

Bi Mkubwa alikuwa ofisini, birika la chai mbele yake. Hakushangaa kuniona. Nikaliweka koti mezani.

"Hili koti si langu," nilisema.

"Najua, Mama Pacha. Lilikufika magotini."

Nikamwuliza kama alijua, kwa nini ameniacha nibebe lawama mbele ya watu. Akasema alikuwa amemfahamu Baba Pacha kabla ya mimi kumfahamu, na alitaka kumpa nafasi. "Nilikuwa namngoja aje yeye," alisema.

Akanivutia kiti, akanimiminia chai. Kupitia mlango uliokuwa wazi tuliona taa ya vyumba vyetu inawaka ng'ambo ya ua. Nadhani wote wawili tulikuwa tunamwombea jambo moja. Nilikishika kikombe mpaka kikapoa mkononi. Hakuja.