Pagola ya Wendell na Marlys

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni, baada ya kuosha vyombo vya asubuhi, Marlys Stucky alitandaza karatasi ya mirabaraba mezani akachora nguzo nne. Mumewe Wendell alikuwa nje na utepe wa kupimia, akimsomea vipimo kupitia mlango wa wavu: futi kumi na sita kwa kumi na mbili. Walitaka kujenga pagola juu ya sakafu ya mbao iliyo nyuma ya nyumba yao, mjini Salina, Kansas. Nguzo, maboriti, na fito zilizopangwa juu bila bati, ili mtu apate kivuli na upepo pamoja.

Kwa miaka kumi na tisa kivuli walikipata bure. Kilitoka kwenye mti wa pekani wa jirani yao, Bi Opal Dirks, mjane wa miaka themanini na moja. Marehemu mumewe, Harlan, aliupanda mwaka waliomzika mtoto wao wa pekee. Matawi yake yalivuka uzio, yakaangusha kokwa, majani na mavi ya ndege kwenye sakafu ambayo Wendell alikuwa ameipaka rangi mpya. Wendell akamwomba aukate.

"Mti huo utanizika mimi kwanza," Bi Opal alimjibu kwa upole.

Basi Jumapili moja ya Septemba, Bi Opal alipokuwa kanisani, Wendell alipita kwenye uzio na keekee ya umeme, akatoboa matundu matano kwenye mizizi, akamimina sumu ya kuulia visiki na kuyaziba kwa udongo. Marlys alisimama dirishani akiangalia barabara. Majira ya kuchipua yalipofika, mti haukuchipua. Bi Opal alitoa akiba yake akawalipa wakataji.

Mti uliondoka, kivuli kilibaki. Tangu siku ya kwanza ya joto kilitua kwenye ua wa Bi Opal tawi kwa tawi, kikahama na jua, na majani yakatikisika kila upepo ulipovuma. Kilipofika kwenye uzio kilikoma. Upande wa akina Stucky jua lilishuka likaunguza nyayo. Mpeleka barua alizoea kula mkate wake palepale kivulini, na shemasi wa kanisa aliegesha gari lake hapo akija kumtazama Bi Opal.

Ndiyo maana Marlys alikuwa anapiga hesabu. Mbao za mwerezi, dola elfu mbili na mia nne. Zege ya misingi, mia tatu na sitini. Skrubu na vyuma, mia mbili na kumi. Kibali cha manispaa, themanini. Fundi, elfu mbili na mia tisa. Dharura, mia tano. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: mche wa pekani, sitini na tano.

Wendell aliingia akasoma juu ya bega lake.

"Mche wa nini tena?"

"Unajua wa nini."

"Tulikubaliana elfu sita na mia tano. Umepitiliza dola kumi na tano."

"Toa kwenye dharura."

"Dharura ni dharura, Marlys. Na tukimpelekea mche atauliza kwa nini."

Marlys alichukua rula akalikata neno mche kwa mstari mmoja, kisha akachora mstari wa pili juu yake.

Fundi, Ruben Archuleta, alikuja Jumatatu. Alipima, akainama karibu na uzio.

"Kivuli cha jirani kinaishia hapa," alisema, akaandika kwenye daftari. "Nguzo za upande huu nitazisogeza inchi sita ndani, zisiguse cha watu."

Kazi ilichukua siku tisa. Mwerezi ulinukia vizuri. Saa saba mchana ya siku ya kumi, Wendell na Marlys waliweka viti katikati na kukaa na chai yao ya barafu. Jua lilipenya maboriti na fito kana kwamba ni kioo. Sakafuni hapakuwa na mstari hata mmoja wa kivuli, hata wa nguzo.

Ruben aliitwa. Aliweka pimamaji kwenye kila nguzo na kutikisa boriti moja baada ya jingine.

"Imenyooka. Imeshika. Kazi yangu haina kasoro."

"Na kivuli?" aliuliza Wendell.

"Soma mkataba, mzee. Niliandika mbao, zege na skrubu. Kivuli mtu anakuja nacho mwenyewe."

Akachukua hundi yake ya mwisho akaondoka.

Wiki mbili walikaa kwenye pagola wakibabuka mabega, maana pesa ilikwisha kutumika. Chakula kilianza kumshinda Wendell. Marlys akamwambia, "Nenda kamwambie yule mama."

"Tuliuua sote wawili."

"Mimi nilisimama dirishani tu."

"Ulikuwa unatazama nini? Maua?"

Alhamisi mchana Wendell alizunguka uzio akamkuta Bi Opal kivulini, bakuli la njegere mapajani.

"Karibu, Wendell. Vuta kiti."

"Bi Opal, nimekuja kwa habari ya ule mti."

Mikono ya Bi Opal ilisimama. "Kumbe na wewe uligundua," alisema. "Ni mimi niliyeuua. Kila baridi nilimwaga chumvi njiani kuyeyusha barafu. Harlan alinikanya, Opal, chumvi itafika mizizini. Sikusikia. Kila asubuhi namwomba msamaha."

Wendell alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni.

"Chumvi ni mbaya sana kwa mizizi," akasema.

Kivuli kikamwondokea. Kiliacha kipande cha jua kilichomtosha yeye na kiti chake, basi; bakuli la njegere lilibaki kivulini. Bi Opal aliliona lile jua.

"Utaungua, mwanangu," alisema. Aliingia ndani, akatoka na kofia ya ukindu, akamvika. "Ya Harlan hii. Majirani wote hawa, wewe peke yako ndiye uliyekuja kunipa pole."

Kofia ilimkaa sawasawa. Wendell alimenya njegere hadi bakuli likajaa.

Kesho yake alirudi na Marlys, ambaye alileta keki ya limau. Walipoketi, vipande viwili vya jua vilifunguka, kimoja kwa kila kiti. Bi Opal akaomba radhi, akaingia ndani kutafuta kofia ya pili.